Wapigaji Waliouzwa Mji hadi Mji

Mchezo wa besiboli hauchezwi sana katika nchi zetu, lakini huko Marekani umekuwa mchezo wa taifa kwa zaidi ya miaka mia moja. Watu tisa wa timu moja husimama uwanjani, na mmoja wao, yaani mrushaji, hutupa mpira mdogo mgumu kwa kasi nyingi kumwelekea mpigaji wa timu ya pili, ambaye amesimama akishika gongo la mti. Mpigaji akiupata mpira, hukimbia kuvizunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la pembe nne, kila kituo futi 90 kutoka kingine. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake hupata alama moja. Ajuaye kriketi hataona shida kuufahamu mchezo huu.

Katika mapigo yote, liko moja lipendwalo kuliko mengine. Ni lile la kuupeleka mpira juu angani hata ukavuka ukuta wa uwanja. Hapo hapana wa kuukimbilia. Mpigaji huvizunguka vituo kwa raha zake, na watazamaji wote husimama wakipiga kelele za furaha. Tutaliita pigo la kuvusha ukuta.

Wenye nguvu za kupiga hivyo ni wachache, na kila timu huwatamani. Basi ni jambo la kustaajabisha kwamba wengi wao hawakukaa mahali pamoja. Walihama kutoka mji huu hadi mji ule, leo wakivaa nguo za timu hii, kesho za timu iliyokuwa adui yao jana. Kwa nini mtu atamaniwaye na wote asiwe na kwao? Jibu la swali hilo si habari ya michezo peke yake. Ni habari ya sheria, ya fedha, na ya haki ya mtu juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe.

Sababu moja imo katika tabia ya kazi yenyewe. Mpigaji wa namna hii hulizungusha gongo kwa nguvu zake zote, na kwa hiyo hukosa mara nyingi. Anapopata, mchezo huweza kugeuka kwa pigo moja. Anapokosa, hutoka bila faida yo yote. Tena wengi wao ni watu wakubwa wa mwili, wasio wepesi wa kukimbilia mpira. Basi timu ikishindwa mara kadhaa, wenyeji huanza kunung'unika, wakihesabu makosa yake na kusahau mapigo yake. Wakati huo huo timu nyingine, iliyo mbali, huhesabu mapigo yake na kuyasahau makosa. Hapo ndipo biashara inapozaliwa.

Lakini sababu iliyo kubwa zaidi ilikuwa sharti lililotiwa katika mikataba. Mwaka 1879 wenye timu walipatana kwamba kila mmoja wao aweze kuwahodhi wachezaji watano, ambao wengine hawataruhusiwa kuwaajiri. Baadaye sharti hilo likaenea likawafunga wachezaji wote. Maana yake ilikuwa hivi: mkataba ulipokwisha, mchezaji hakuwa huru kwenda apendako. Timu yake iliweza kuurudisha mkataba ule ule mwaka baada ya mwaka; iliweza kumpeleka kwa timu nyingine, kumbadilisha na mwingine, au kumwuza kwa fedha taslimu. Yeye mwenyewe alikuwa na njia mbili tu: kukubali, au kuacha mchezo. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba besiboli si biashara ya kati ya majimbo, na kwa hiyo sheria za kuzuia uhodhi wa biashara haziuhusu. Tangu hapo sharti lile likawa kama ngome iliyojengwa juu ya mwamba.

Tutazame waliopatikana na nguvu zake. Wa kwanza ni Babe Ruth. Mwishoni mwa mwaka 1919 mwenye timu ya Boston, Harry Frazee, alimwuza kwa timu ya New York, na bei yake ilikuwa dola 100,000. Mwaka uliofuata Ruth alivusha ukuta mara 54, hesabu iliyozipita jumla za karibu timu zote nyingine. Watu wa Boston walikaa hata mwaka 2004 ndipo timu yao ikapata tena ubingwa.

Wa pili ni Jimmie Foxx, mpigaji wa Philadelphia, ambaye mwaka 1932 alivusha ukuta mara 58. Miaka ile ilikuwa ya shida kubwa ya uchumi, na timu yake ilikuwa haina fedha. Basi wachezaji wake bora waliuzwa mmoja mmoja, mfano wa mtu auzaye vyombo vya nyumba ili apate chakula. Zamu ya Foxx ilifika mwezi wa Desemba 1935, akauzwa kwa Boston.

Wa tatu ni Hank Greenberg wa Detroit. Mwaka 1938 alifikia mapigo 58, na vita vilipokuja alilitumikia jeshi kwa miaka kadhaa. Aliporudi, katika mwaka 1946 alivusha ukuta mara 44, na hapana mtu katika ligi yake aliyempita. Malipo yake yakawa nini? Mwezi wa Januari 1947 alisikia katika redio kwamba ameuzwa kwa timu ya Pittsburgh. Hakuna aliyemwita kumwambia uso kwa uso. Yampasa msomaji aikumbuke habari hii, kwa maana Greenberg hakuisahau.

Tumewataja watu weupe watatu. Wachezaji weusi hawakuruhusiwa kabisa kuingia katika ligi kuu hata tarehe 15 Aprili 1947, siku Jackie Robinson alipoingia uwanjani kwa timu ya Brooklyn. Kabla ya hapo walikuwa na ligi zao wenyewe. Mmoja wa wapigaji wenye nguvu kupita wote waliopata kuishi, Josh Gibson, alicheza huko. Alichezea timu mbili za Pittsburgh na kandokando yake. Mwaka 1937 alikwenda Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1940 na 1941 alikuwa Meksiko. Alisafiri si kwa kuuzwa, bali kwa kuutafuta mshahara popote ulipokuwa, kwa sababu mlango mkubwa wa nchi yake ulikuwa umefungwa mbele yake. Alifariki mwezi wa Januari 1947, akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya mlango ule kufunguliwa. Mwaka 1972 jina lake liliandikwa katika Nyumba ya Mashujaa ya besiboli.

Kufunguliwa kwa mlango hakukumaanisha kwamba aliyeingia alikuwa huru. Dick Allen alikuwa kijana mweusi mwenye mikono ya ajabu. Mwaka 1963 timu ya Philadelphia ilimpeleka kucheza Little Rock, katika jimbo la Arkansas, akiwa mchezaji mweusi wa kwanza wa timu ya mji ule, na huko alipata matusi na vitisho. Mwaka 1964 alichaguliwa kuwa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Hata hivyo baadhi ya watazamaji wa Philadelphia walimchukia. Walimtupia vitu uwanjani, hata akawa anavaa kofia ngumu ya kupigia wakati wa kulinda, jambo ambalo wengine hawakuwa na haja nalo. Hata jina lake hawakumpa. Yeye alitaka kuitwa Dick. Wao wakashika kumwita Richie, jina aliloliona la mtoto mdogo. Allen akachoka, akataka kuondoka.

Mwezi wa Oktoba 1969 alipelekwa St. Louis. Tangu hapo alikuwa kama mgeni wa kila mji: mwaka 1970 St. Louis, mwaka 1971 Los Angeles, mwaka 1972 Chicago. Katika kila mji alipiga vizuri. Huko Chicago alivusha ukuta mara 37 katika mwaka mmoja na kuchaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Miaka minne, timu nne!

Lakini yale mabadilishano ya Oktoba 1969 yalimgusa mtu mwingine pia, na mtu huyo ndiye aliyeitikisa ngome. Miongoni mwa wachezaji waliotolewa na St. Louis ili wampate Allen alikuwamo Curt Flood. Flood hakuwa mpigaji wa nguvu. Sifa yake ilikuwa kulinda uwanja, na alikuwa ameitumikia timu yake miaka 12 na kuisaidia kupata ubingwa mara mbili. Sasa aliambiwa ahamie Philadelphia, mji ule ule ambao Allen alikuwa akiukimbia. Mshahara wake ulikuwa karibu dola 90,000 kwa mwaka, na kule angepata zaidi. Wengi wangekwenda bila kusema neno. Flood alikataa. Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia barua mkuu wa besiboli, Bowie Kuhn, akasema kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anavyotaka yeye. Watu walipomcheka kwa ajili ya ukubwa wa mshahara wake, alijibu kwamba mtumwa alipwaye vizuri bado ni mtumwa.

Basi akaenda mahakamani. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Marvin Miller, kilimsaidia kwa gharama. Lakini hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa kazini wakati ule aliyethubutu kusimama mahakamani kumtetea, maana kila mmoja alikuwa na mkataba wake wa kuuogopea. Waliokuja ni wazee waliokwisha kustaafu. Jackie Robinson alikuja. Na Hank Greenberg naye, yule aliyeuzwa na kupata habari katika redio, alikuja akatoa ushahidi. Tarehe 19 Juni 1972 Mahakama Kuu ilitoa hukumu: majaji watano walimkataa Flood na watatu walikuwa upande wake. Majaji walikiri kwamba hali ya besiboli katika sheria ni kitu kisicho cha kawaida, lakini walisema kazi ya kuibadilisha ni ya Bunge. Kwa wakati huo Flood alikuwa amekwisha kupoteza kila kitu. Hakucheza mwaka 1970. Mwaka 1971 alijaribu michezo 13 tu kwa timu ya Washington, kisha akaacha.

Mtu aweza kusema kwamba alishindwa. Lakini swali likisha kuulizwa mbele ya watu haliwezi kurudishwa kinywani. Mwaka 1975 warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walikaa mwaka mzima bila kutia sahihi mkataba mpya, kisha wakadai kwamba sasa wako huru. Tarehe 23 Desemba 1975 mpatanishi Peter Seitz aliamua kwamba madai yao ni ya haki: timu iliweza kuurudisha mkataba mara moja tu, si milele. Mwaka uliofuata yakafanywa mapatano kwamba mchezaji aliyetumika miaka sita aweze kuchagua timu aitakayo.

Tofauti ilionekana upesi. Reggie Jackson, mpigaji maarufu wa Oakland, alipelekwa Baltimore mwaka 1976 kwa mabadilishano ya namna ya zamani. Mwaka huo ulipokwisha alikuwa huru, naye akachagua New York. Tarehe 18 Oktoba 1977, katika mchezo wa kukata ubingwa, alivusha ukuta mara tatu, kila mara kwa mpira wa kwanza aliorushiwa. Mwaka huo huo Dave Kingman alichezea timu nne: New York Mets, San Diego, California na New York Yankees, akitupwa huku na huku kama mzigo usio na mwenyewe. Mwaka ulipokwisha naye akawa huru, akaenda Chicago kwa hiari yake, na mwaka 1979 alivusha ukuta mara 48 huko. Mishahara nayo ilipanda: kadiri ya mshahara wa mchezaji mmoja ilikuwa kama dola 51,000 mwaka 1976, na kufika mwaka 1980 ilipita dola 140,000.

Tusidhani kwamba wapigaji waliacha kuhama. Waliendelea kuhama, na pengine zaidi kuliko zamani. Na ambaye hajatimiza miaka yake bado huweza kupelekwa asikotaka. Kilichobadilika ni kwamba siku moja katika maisha yake ya kazi mchezaji huulizwa, "Wewe wataka kwenda wapi?" Kumwuliza mtu swali hilo ni kukiri kwamba yeye ni mtu.

Wasomaji wapendao kandanda wataikumbuka habari ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1995 alishinda kesi katika Mahakama ya Ulaya na kuwafungulia wenzake njia ya kuhama bila malipo mikataba yao ikiisha. Ni mchezo mwingine na bara jingine, lakini swali ni lile lile.

Wahenga husema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Curt Flood alichumia juani, lakini waliolia kivulini walikuwa wengine. Alifariki mwezi wa Januari 1997. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake, iliyowapa wachezaji wa ligi kuu ulinzi ule aliounyimwa yeye. Naye Dick Allen alifariki mwaka 2020. Mwezi wa Desemba 2024 alichaguliwa kuingia katika Nyumba ya Mashujaa, na humo anaitwa Dick, kama alivyotaka mwenyewe.