Kurudi, Kurudia na Nguo Iliyorudi

Nguo ikifuliwa mara ya kwanza ikanywea, tunasema imerudi. Rangi ni ile ile, mshono ni ule ule, ila mwenyewe haimwenei tena. Maana hiyo ndiyo iliyonijia nilipoisikiliza I'm Back! Family & Friends, albamu aliyoitoa mwanamuziki wa funk wa Marekani, Sly Stone, mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 68. Iliyotangulia ilikuwa ya mwaka 1982. Kurasa zetu za burudani zina kichwa kimoja cha habari kwa jambo kama hili: mkongwe arudi kwa kishindo. Kishindo tukiache kwanza. Mimi nataka kujua huyu mkongwe amerudi kwa maana ipi.

Jina lake la kuzaliwa ni Sylvester Stewart. Alizaliwa Texas mwaka 1943, akakulia Vallejo, California, katika familia ya watu wa kanisa. Bendi yake, Sly and the Family Stone, iliwaweka weusi na weupe, wanaume na wanawake, kwenye jukwaa moja wakati Marekani yenyewe ilikuwa ikiwaka moto kwa ubaguzi. Miaka michache baadaye dawa za kulevya zikamshika, akawa mtu wa kusubiriwa ukumbini asitokee. Hapo ndipo neno kurudi likaanza kuandikwa kwenye majalada yake. Mwaka 1976 alitoa Heard Ya Missed Me, Well I'm Back, yaani nasikia mmenikosa, basi nimerudi. Mwaka 1979 ikaja Back on the Right Track, kurudi kwenye njia iliyonyooka. Ya 2011 ilikuwa mara ya tatu kwa jalada lake kutangaza kurudi.

Kurudi kwa Kiswahili hutaka mahali. Amerudi Tanga, amerudi kazini, amerudi kwao. Ukisema amerudi ukanyamaza, msikilizaji atakuuliza wapi. Kurejea nako ni hivyo hivyo, ila kumebeba adabu kidogo, na ndani yake mna kurejea kitabu, kukitazama tena ili kupata hakika. Kisha kuna kurudia. Ongeza a moja tu mwishoni mwa rudi, na safari imekwisha: aliyerudia hakutoka alipokuwa, amefanya tena alilokwisha kulifanya. Jina lake ni marudio, lile lile la mechi ya jana inayoonyeshwa mchana wa leo.

Nyimbo nyingi za albamu hii ni marudio. Dance to the Music na Everyday People zimerekodiwa upya, na wageni wakubwa wamealikwa, miongoni mwao Jeff Beck, Ray Manzarek na Bootsy Collins. Mwishoni mmepachikwa matoleo yaliyochanganywa kwa ajili ya disko. Wasikilizaji waligawanyika, na nikiwasoma naona waligawanywa na kitenzi. Walionuna walikuwa wamesubiri kurudi wakapewa marudio. Waliomtetea walisema mtu aliyepitia aliyoyapitia, kuisikia sauti yake tu inatosha. Kwao kurudi maana yake yu hai.

Nawaelewa hao wa pili, lakini niko na wa kwanza. Sisi tuna neno la haki kwa nyimbo za namna hii: zilipendwa, au zilizopendwa kama wasemavyo Kenya. Ile li imeuweka wimbo katika wakati wake na kuuacha hapo na heshima zake. Zilipendwa haidai kuwa imerudi. Ukiipiga tena kwa vyombo vipya na kuiita mpya, umeinyang'anya hiyo li.

Sikiliza Everyday People ya mwaka 1968. Mpiga besi, Larry Graham, anapiga noti moja, hiyo hiyo tu, tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha, na sauti za wenzake zinaingia na kutoka kama watu wanaopita kwenye mlango ambao mwimo wake hautikisiki. Graham ndiye aliyeufanya mtindo wa kupiga besi kwa kidole gumba ujulikane. Alikuwa akipiga na mama yake kwenye kumbi bila mpiga ngoma, basi akaugonga uzi kwa gumba badala ya ngoma kubwa na kuudonoa kwa kidole kingine badala ya ngoma ndogo. Sauti hiyo imetokana na upungufu na mkono uliotoka jasho kuuziba. Katika marudio ya 2011 kila kitu kimepanguswa.

Na jasho ndilo neno lenyewe. Kwa Wamarekani weusi, kabla funk, yaani fanki, haijawa jina la muziki huu, ilikuwa harufu ya mwili. Sisi tungesema kikwapa, au kutuzi. Mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson, katika kitabu chake Flash of the Spirit cha mwaka 1983, aliliunganisha neno hilo na lu-fuki la Kikongo, harufu mbaya ya mwili, akaeleza kwamba wazee wa Kikongo hulitumia kumsifu mtu aliyeitolea jasho kazi yake mpaka akaifikisha. Wengine wanalipeleka kwenye Kifaransa na Kilatini, kwenye moshi. Sidai undugu wowote, lakini kote kuwili sikio langu linasikia fuka, fukiza, fukizo. Fanki inatakiwa ifuke. Albamu hii imefuliwa, na ndiyo maana nilianza na nguo.

Isipokuwa mahali pamoja. Katika nyimbo chache ambazo si marudio yake kuna His Eye Is on the Sparrow, wimbo wa kanisa wa mwaka 1905. Mwaka 1952 Sylvester, mtoto wa miaka tisa, alirekodi nyimbo za dini pamoja na ndugu zake kwa jina la Stewart Four. Hapa, karibu miaka 60 baadaye, anauimba wimbo wa aina ile ile aliyoanza nayo kabla hajaitwa Sly. Alifariki Juni 2025. Kwa wimbo huo mmoja ningeandika kwamba amerejea, na mtu akiniuliza wapi, ningemjibu: Vallejo, kwenye benchi la kanisa, kati ya ndugu zake.