Neno «flourish»: kuchanua ni kuanza



Wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, na tukisikia Kiingereza cha wenzetu wanaotoka Kampala tunanyamaza. Leo tuangalie neno moja tu: flourish. Maana yake ni kusitawi, kuendelea vizuri. Lakini ndani yake mna ua.

Kwa Kilatini ua ni flos. Kutoka hapo Warumi walipata florere, kuwa na maua. Halafu wakaingiza -sc- katikati: florescere, yaani kuanza kuchanua. Hiyo -sc- ni alama ya mwanzo. Iko pia ndani ya adolescent, mtu anayeendelea kukua. Akiisha kukua anaitwa adulte. Mzizi ni ule ule.

Kifaransa kikairithi. Sisi wote tuliimba darasani: nous finissons, nous punissons, nous fleurissons. Ile -iss- ndiyo -sc- ya Warumi. Mwaka 1066 Wanormandi waliteka Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa huko. Ni mwaka 1362 tu sheria ilipoamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza. Kufikia hapo Waingereza walikuwa wamekwisha kubeba maneno mengi na kugeuza -iss- kuwa -ish: finish, punish, nourish, flourish. Kumbe nusu ya kazi tulishaifanya kwenye shule ya msingi!

Kwa nini naandika haya? Kwa sababu hapa mtaani kijana akitoka tu chuo kikuu anaulizwa: «Ulimaliza, sasa?» Mwaka ukipita bila kazi, watu wanasema alisoma bure.

Muulizeni mkulima wa kahawa wa Mahagi. Wakati wa jua kali machipukizi ya maua yanakaa yamefunga. Mvua ikinyesha, shamba linageuka jeupe kwa siku chache tu, maua yanaanguka, na yeye anangoja miezi mingi kabla ya kuchuma. Hakuna anayekata mti eti wiki ya maua hakuona kahawa.

Diploma ni ua, tunda bado. Ila tusidanganyane: bila mvua hata chipukizi zuri linakauka. Basi lile swali la «sasa?» tuwaulize pia wenye ofisi, wenye biashara, na sisi wakubwa wa chama: kijana huyu, nani amempa hata nafasi ya kujifunza kazi?