Mataya ya Stonesfield

Mnyama aliyekufa zamani za kale, asisalie ila taya lililogeuka jiwe, atajulikanaje kwamba alinyonyesha watoto wake?

Katika machimbo ya Stonesfield, karibu na Oxford, Uingereza, yalionekana mataya madogo sana. Mwaka 1818 Cuvier, bingwa wa Ufaransa, alisema ni ya wanyama wanyonyeshao. Buckland akatangaza habari hizo mwaka 1824. Watu walistaajabu, maana mawe yale ni ya zama za watambaao wakubwa ajabu.

Mwaka 1838 Blainville wa Paris alikana. Akitazama michoro, aliona mfuo katika taya, akadhani ni kiungo cha mifupa. Kwani taya la watambaao huundwa kwa mifupa kadha wa kadha, bali la wanyonyeshao ni mfupa mmoja tu.

Ndipo Richard Owen alipoyachunguza mataya yenyewe. Mfuo haukuwa kiungo. Tena magego yalikuwa na mizizi miwili miwili, kama ya wanyonyeshao. Cuvier alikuwa amesema kweli.

Leo twajua kwamba mawe hayo yana miaka milioni 166 hivi. Basi wanyonyeshao hawakungoja watambaao wakubwa watoweke; waliishi miguuni pao, wadogo kama panya.