Kwa nini wagonjwa wa MS hupata shida ya kutembea

Mtu anayeyumba njiani mchana kweupe hudhaniwa haraka kuwa amelewa. Kwa wanaoishi na ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ujulikanao kwa kifupi MS, dhana hiyo huongeza uchungu juu ya tatizo ambalo chanzo chake kimo ndani ya ubongo na uti wa mgongo.

Katika ugonjwa huo, ulioelezwa kwa kina na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1868, kinga ya mwili hushambulia mielini, yaani utando unaozifunika nyuzi za neva. Utando huo ukiharibika, ujumbe utokao kwenye ubongo kwenda miguuni huchelewa au hukatika. Wengi hugunduliwa kuwa nao wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume.

Shida ya kutembea haina sura moja. Wapo ambao misuli hukakamaa na magoti yakawa mazito kukunjika. Wengine wayo huning'inia, vidole vikakwaruza ardhi. Wapo pia wanaoshindwa kusimama imara au wasiohisi vyema ardhi wanayoikanyaga. Uchovu huzidisha yote hayo, hivyo mgonjwa anaweza kuondoka nyumbani akitembea vizuri na kurejea akiburura mguu. Joto nalo huzidisha dalili kwa muda, hadi mwili upoe.

Madaktari hupima ukali wa hali hiyo kwa kipimo cha Mmarekani John Kurtzke cha mwaka 1983, chenye alama 0 hadi 10. Alama ya 6 ni ya mgonjwa anayehitaji fimbo ili atembee meta 100 hivi.

Matibabu hufuata chanzo. Baklofeni hulegeza misuli iliyokakamaa, kifaa cha kushikilia kifundo huinua wayo, na mazoezi ya viungo huimarisha nguvu. Dalfampridini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, huongeza mwendo kwa baadhi ya wagonjwa, lakini hairuhusiwi kwa aliyewahi kupata kifafa.

Zipo dawa za kupunguza mashambulizi ya MS, ila tiba ya kuuponya kabisa haijapatikana. Kwa hiyo miguu ikidhoofu ghafla, mgonjwa amwone daktari mapema, kwani huenda ni shambulio jipya au maambukizi yanayotibika. Fimbo nayo isionewe aibu. Humwepusha na kuanguka na kumwezesha kuendelea na kazi zake.