Amri ya Mdomo na Amri ya Maandishi: Kuanguka kwa Kiev, 1941

Maafa yaliyolipata Jeshi Jekundu la Urusi ya Kisovieti huko Kiev mwaka 1941 hayakutokana na nguvu za Wajerumani peke yake. Yalitokana pia na mfumo wa amri ambao haukumruhusu mdogo kumwambia mkubwa lisilompendeza.

Mwezi Julai, Jenerali Pavlov aliuawa kwa kupigwa risasi baada ya jeshi lake kushindwa. Siku chache baadaye Zhukov alimshauri Stalin auache mji wa Kiev ili majeshi yaokoke. Akavuliwa cheo cha Mnadhimu Mkuu. Septemba, Budyonny aliomba ruhusa ya kurudi nyuma, naye akaondolewa. Taarifa ya Tupikov, mnadhimu wa Jenerali Kirponos, ilipoeleza hatari iliyokuwapo, Moscow iliiita ya kiwewe.

Kufikia tarehe 16 vifaru vya Wajerumani vilikwisha kukutana mashariki ya Kiev. Siku hiyo Timoshenko, aliyeshika nafasi ya Budyonny, alimpelekea Kirponos amri ya kurudi nyuma, lakini kwa mdomo tu. Kirponos alikataa kuitekeleza bila ya maandishi. Idhini ya Moscow ilifika usiku wa tarehe 17. Mji ulitekwa tarehe 19. Kesho yake Kirponos akafa vitani. Wajerumani walidai kuteka askari zaidi ya 600,000.

Kukataa kwake hakukuwa ukaidi. Mambo yaliyompata Pavlov yalikuwa yamewafundisha majemadari kwamba amri isiyo na sahihi ingeweza kumgeukia aliyeitii. Hivyo siku ambayo ingeokoa maelfu ilipotea kwa kungoja karatasi.