Joto la Al Azizia Lililodumu Miaka 90

Kwa miaka 90 vitabu vya jiografia viliutaja Al Azizia, mji ulio kusini magharibi mwa Tripoli nchini Libya, kuwa ndio uliopata joto kali kuliko mahali pengine popote duniani: nyuzi 58 za sentigredi, tarehe 13 Septemba 1922. Tarehe hiyohiyo mwaka 2012, Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaifuta rekodi hiyo.

Chanzo cha mkasa huu ni kipimajoto kilichobuniwa mwaka 1780 na James Six wa Canterbury, Uingereza. Bila kifaa cha namna hiyo, aliyetaka kujua joto la juu kabisa na la chini kabisa la siku alikesha akisoma kipimo, kisha akapekua orodha yake. Six alipinda mrija wa kioo mfano wa herufi U, akatia spiriti na zebaki, na kila upande akaweka juu ya zebaki kijiti chembamba chenye chuma. Zebaki ikipanda hukisukuma kijiti. Ikishuka hukiacha palepale. Upande mmoja unasoma joto la juu, wa pili la chini, halafu unavirudisha vijiti kwa sumaku. Mchana na usiku kucha kifaa hiki hupima bila kuchoka, na mwishowe hubakiza vipimo viwili tu, vile vinavyotakiwa. Ni ubunifu wa kuheshimiwa sana.

Lakini kijiti kina urefu wake, na husomwa kwa ncha ya chini inayogusa zebaki. Kwenye kipimajoto cha aina hii kilichotumika Al Azizia, katika kambi ya jeshi la Italia, urefu huo ulilingana na nyuzi 7 hivi. Daftari la kituo linaonyesha kwamba tarehe 11 Septemba mwandiko ulibadilika. Mwangalizi mpya alishika zamu, akawa anajaza vipimo katika safu zisizo zake. Tangu siku hiyo joto la juu la Al Azizia likazidi lile la vituo jirani kwa takriban nyuzi 7. Wachunguzi walioipitia rekodi hiyo waliona yaelekea alisoma ncha ya juu.

Ukikosea nyuzi 7 kwa siku moja, wastani wa mwezi hupanda kwa robo ya nyuzi tu, na hakuna atakayeshtuka. Anayetafuta namba kubwa kuliko zote, kinyume chake, huliokota kosa lenyewe na kuliita rekodi.

Aliyelifukua daftari hilo ni Khalid El Fadli, mtaalamu wa hali ya hewa wa Libya. Uchunguzi ukiendelea, yalizuka mapinduzi ya 2011, na kwa miezi kadhaa wenzake hawakupata habari zake. Alipopatikana, kazi ikakamilishwa.

Taji sasa liko Death Valley, California: nyuzi 56.7, tarehe 10 Julai 1913. Hata hilo, baadhi ya wataalamu wameanza kulilinganisha na vipimo vya vituo jirani vya siku ileile, na wana mashaka.