Majumba ya Masultani wa Unguja na Njia ya Pembe

Kaeni vizuri, fungueni daftari zenu, na walio nyuma wasogee karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: jumba, pembe, mpagazi, karafuu. Kila nitakapolitaja mojawapo, wewe mwanafunzi litazame pale ubaoni mpaka macho yako yalizoee.

Juma lililopita tulilitaja Jumba la Maajabu la Unguja. Somo lilipokwisha, mzee mmoja wa darasa la hapa Mpanda alisimama akauliza: "Mwalimu, jumba la Sultani lanihusu nini mimi Mkonongo? Babu yangu hakuiona bahari." Wenzake walicheka. Walakini swali lake ni zuri sana, na leo nataka kumjibu. Nitamjibu kwa safari. Basi funga mzigo wako, twende.

Tuanze hapa hapa kwetu. Karema mnaijua, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1879 Wabelgiji walijenga boma pale, na mwaka wa 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Lakini kabla ya Wabelgiji hao, misafara ya biashara ilikwisha kuzoea njia za pande hizi. Pembe za ndovu zilitoka ng'ambo ya ziwa, zilitoka Ufipa, zilitoka katika mbuga zetu wenyewe, maana tangu zamani nchi hii ilikuwa nchi ya ndovu na Wakonongo walikuwa mafundi wa kuwawinda. Pembe zilipita Ukonongo mpaka Tabora. Toka Tabora zilishuka mpaka Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo zikavuka kwa jahazi mpaka Unguja.

Nani aliyezibeba? Hapakuwa na reli. Reli ya kuja Mpanda ilifika mwaka wa 1950, nayo ililetwa kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa ajili ya ndovu. Wala hapakuwa na punda wa kutosha, na ng'ombe waliuawa na mbung'o njiani. Pembe ilibebwa begani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Mtembezi mmoja aitwaye Henry Morton Stanley alisafiri na wapagazi kutoka Bagamoyo mpaka Tabora mwaka wa 1871, akatumia siku 84. Hesabu mwenyewe: siku 84 na kilo 30 begani, na hapo hujafika Ukonongo bado.

Watu wengine hufikiri kwamba kila mpagazi alikuwa mtumwa. Si kweli. Wengi walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliopatana ujira wao na kulipwa kwa nguo. Kijana ambaye hajafika pwani alichekwa kijijini. Lakini katika njia ile ile walipita pia watu waliofungwa kwa minyororo, nao hawakupatana ujira na mtu yeyote. Mambo hayo mawili yalitembea pamoja, na tusifiche moja ili tupendezeshe jingine.

Sasa tumefika Unguja. Pembe zinapimwa forodhani, ushuru unalipwa. Wahindi wananunua nyingine wapeleke kwao kutengeneza bangili. Wamarekani, ambao walifanya mkataba na Sultani mwaka wa 1833, wananunua nyingine wapeleke kwao kutengeneza vitana na vibao vyeupe vya piano. Wao huleta nguo nyeupe ya pamba. Ndiyo ile tunayoiita merikani mpaka leo, na sasa umejua jina lake limetoka wapi. Nguo ile ile ndiyo iliyorudi bara kuwa ujira wa mpagazi.

Ushuru ule pamoja na mali ya karafuu ndio uliojenga majumba. Lishike neno hilo, tutalirudia.

Sultani wa kwanza kukaa Unguja alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani. Aliiona Unguja ina maji matamu, bandari nzuri, na biashara inayoingia kila mwezi. Kufikia mwaka wa 1840 alikuwa ameifanya makao yake makuu. Aliwaamuru watu wapande mikarafuu, na kazi ya mashamba ikafanywa na watumwa waliotolewa bara. Jumba lake alilijenga Mtoni, kaskazini ya mji, kando ya bahari. Liliitwa Mtoni kwa sababu kijito kilipita pale pale. Palikuwa na ua mkubwa, na katika ua walitembea tausi, paa na mbuni. Palikuwa na vyumba vya kuogea, na upande wa baharini palikuwa na roshani ya duara ambapo Seyyid Said alikaa akinywa kahawa na kutazama merikebu zake. Watu zaidi ya elfu moja waliishi katika jumba lile: wake, watoto, masuria, watumishi, watumwa.

Tumejuaje haya yote? Hapa, mwanafunzi, weka kalamu chini usikilize vizuri.

Katika jumba la Mtoni alizaliwa mwaka wa 1844 binti mmoja wa Seyyid Said jina lake Salme. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Watu walisema haifai. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa kibao cha kuandikia siku zile, akaweka Kurani mbele yake, akawa anaiga herufi moja moja. Hakuwa na mwalimu. Hakuwa na redio. Alipoanza kuweza, wengine walimsema vibaya, lakini siku walipotaka barua iandikwe walimwendea yeye. Mwaka wa 1859 kaka yake Barghash alijaribu kumnyang'anya ufalme ndugu yao Majid. Salme alikuwa na miaka kumi na mitano tu, naye ndiye aliyewaandikia barua za siri. Fitina ile ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka wa 1866 Salme aliondoka Unguja akaolewa na Mjerumani, na mwaka wa 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake. Humo aliyaandika yote: ua, tausi, ngazi, vyumba, na kiti cha baba yake pale roshanini.

Mtoni penyewe pamebaki kuta na magofu, maana moto uliunguza jumba mwaka wa 1914. Kama binti yule asingeiba elimu ya kuandika, leo tungeona mawe matupu.

Twende haraka kidogo. Seyyid Said alifariki baharini mwaka wa 1856. Majid alitawala mpaka 1870. Yeye ndiye aliyeanza kujenga mji wa Dar es Salaam, na nyumba yake moja pale ingali imesimama karibu na bandari. Kisha akatawala Barghash, yule aliyepelekwa Bombay, na huyu ndiye hasa mjenzi wa majumba. Nafikiri aliona mambo mengi Bombay yakamkaa moyoni. Alileta maji safi ya bomba mpaka mjini, watu wakayateka bila malipo, na kwa jambo hilo nampa sifa yake. Mwaka wa 1873, baada ya kushurutishwa na Waingereza, alilifunga soko la watumwa.

Huko Maruhubi, njiani kwenda Mtoni, alijenga jumba la wanawake wake, likamalizika mwaka wa 1882. Mwaka wa 1899 liliteketea kwa moto. Ukienda leo utaziona nguzo nene zimesimama mistari kwa mistari, hazibebi kitu.

Mwaka wa 1883 alijenga Beit al-Ajaib, maana yake Jumba la Maajabu. Halikuwa nyumba ya kulala. Lilikuwa jumba la sherehe, la kuwapokea wageni na kuwashangaza. Lilizungukwa na roshani pana zilizoshikwa na nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo. Milango ilichongwa kwa maandishi ya Kurani. Baadaye likatiwa taa za umeme na lifti, wakati watu wengi wa dunia hawajaviona vitu hivyo. Lilijengwa mbele ya bahari kwa makusudi: kila aliyeingia bandarini aliliona kwanza. Madaraja yenye paa yaliliunganisha na majumba mawili ya jirani, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, ili wanawake wa jumba wapite bila kuonekana.

Tena tazama jinsi fahari ile ilivyokuwa fupi. Mwaka wa 1885, miaka miwili tu baada ya jumba kujengwa, manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele yake, zikamshurutisha Barghash akubali kwamba sehemu kubwa ya bara si yake tena. Alifariki mwaka wa 1888.

Mnamo Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia jumbani akajitangaza Sultani bila ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu, manowari za Waingereza zilianza kupiga mizinga. Vita havikutimiza saa moja. Beit al-Hukm na Beit al-Sahel yalibomolewa. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani. Jumba la Maajabu lilibaki limesimama, na baada ya vita likaongezewa mnara wa saa mbele yake. Mwaka uliofuata, 1897, utumwa ulikatazwa kwa sheria Unguja.

Mambo haya si ya Unguja peke yake. Huko Urusi kuna mji uitwao St Petersburg. Mfalme Petro aliuanzisha mwaka wa 1703 katika kinamasi, akaamuru wakulima na askari waletwe kuujenga kwenye baridi na maji, wakafa wengi. Mji ulijaa majumba ya fahari. Kubwa kuliko yote ni Jumba la Majira ya Baridi, lililomalizika mwaka wa 1762, na lililipiwa kwa jasho la wakulima ambao hawakuwa huru mpaka mwaka wa 1861. Yalipotokea mapinduzi mwaka wa 1917, jumba lilitwaliwa, lakini halikubomolewa. Likawa makumbusho.

Unguja pia kulitokea mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964. Sultani wa mwisho, Jamshid, alikimbia. Beit al-Sahel, lililokuwa limejengwa upya baada ya mizinga ya 1896, likaitwa Jumba la Wananchi, na tangu mwaka wa 1994 ni makumbusho. Jumba la Maajabu nalo lilifanywa makumbusho baadaye. Lakini chumvi ya bahari, mvua na miaka haviogopi sifa. Mwaka wa 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulitengeneza, upande mkubwa wa jumba uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha.

Hapo ndipo mzee wetu wa Mpanda angeweza kusema, "Liacheni lianguke. Lilikuwa la Sultani." Naye hangekosa watu wa kumwunga mkono, nimewasikia wengine wakisema hivyo, tena kwa hasira ya haki.

Mimi sikubali, mzee wangu, na sababu yangu iko Ukonongo. Mwaka ule ule wa 1871 Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji. Bei ya pembe ilipanda Unguja. Stanley, aliyekuwa akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, hakuweza kupita njia iliyonyoka. Alizunguka kusini, akapita katika nchi hii yetu ya Ukonongo. Maana yake nini? Mtu wa bara akiziba njia, forodha ya Sultani ilitikisika. Jumba lile halikujengwa na Barghash peke yake. Liliinuliwa na bega la mpagazi, mkuki wa mwindaji na jembe la mtumwa katika shamba la karafuu. Ukiliacha lianguke, umeangusha pia kazi ya babu yako, ambayo hakuandikiwa risiti.

Nina lalamiko langu dogo hata hivyo. Katika majumba yale mgeni huonyeshwa vitanda vya Masultani, viti vyao, na picha zao. Chumba cha Salme kipo, na ni haki yake. Lakini mpagazi wa Ukonongo humwoni, maana Salme aliandika na mpagazi hakuandika.

Basi hii ndiyo kazi ya juma hili. Mtafute mtu mzee kuliko wote nyumbani kwenu au mtaani kwenu. Mwulize kama aliwahi kusikia habari za safari za pwani: waliopita njia ipi, walibeba nini, waliimba nini, nani hakurudi. Andika mistari mitatu tu, kwa herufi kubwa ukipenda, umpe mwalimu. Makosa ya herufi yasikutie haya. Na yule mzee aliyeuliza swali atuletee jina la babu yake, ameliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kwaherini, mpaka juma lijalo, saa hii hii.